Ndevu za Sphinx Zirejeshwe Giza

Mwanafunzi mmoja alinijia majuzi na picha ya Sphinx, sanamu ile ya Giza yenye kiwiliwili cha simba na kichwa cha mfalme. Akaniuliza, "Mwalimu, wafalme wa Misri walichongwa wakiwa na ndevu. Za huyu ziko wapi?" Nilipomjibu kwamba kipande chake kimoja kiko London, alicheka akidhani namfanyia mzaha.

Haukuwa mzaha. Sphinx ilichongwa katika mwamba wa chokaa yapata miaka 4,500 iliyopita, na wataalamu wengi huinasibisha na Farao Khafre. Ndevu zake, alama ya ufalme na uungu, zilianguka zikafukiwa na mchanga. Mnamo 1817, Mwitalia Giovanni Battista Caviglia aliufukua mchanga huo, akavipata vipande vyake. Kimoja kikaishia katika makavazi ya British Museum.

Wako wanaodai kwamba kipande hicho hakikuibwa bali kiliokotwa, na kwamba huko London kimehifadhika vyema. Nakiri kwamba hakuna aliyekibandua usoni kwa tindo. Hata hivyo nauliza: mpita njia akiokota jino la babu yangu uani mwangu, je, litakuwa mali yake kwa kuwa hakuling'oa yeye?

Hoja ya uhifadhi nayo imepitwa na wakati. Mwaka 2025, Misri ilifungua rasmi makavazi makubwa mno papo hapo Giza, jirani na piramidi. Kizuizi kilichosalia ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1963, inayowakataza wadhamini wa British Museum kutoa mali yake isipokuwa kwa sababu chache. Lakini sheria hutungwa na binadamu, na binadamu ana uwezo wa kuirekebisha.

Wala kurejesha si jambo geni kwetu. Mnamo 2007 vigango viwili, nguzo ambazo Wamijikenda huwasimikia wazee wao waliofariki, vilirudi Kenya kutoka Marekani. Vilipokuwa ughaibuni vilitazamwa kama mapambo. Nyumbani vina jina na ukoo.

Walimu wenzangu, tunapowafundisha vijana umri na urefu wa Sphinx, tuwaeleze pia habari za ndevu hizi. Yule mwanafunzi wangu alirudi siku ya pili, safari hii bila kicheko. Alitaka kujua barua ya kudai haki huandikiwa nani.