Ukaguzi wa Gari la Familia ni Sehemu ya Kinga

Katika mkoa wa Tanga, gari la familia lina kazi nyingi kuliko kumpeleka mwenyewe kazini. Ndilo humfikisha mjamzito kliniki, ndilo humbeba mgonjwa usiku kutoka Muheza au Pangani hadi Hospitali ya Bombo, na ndilo huwapandisha jamaa Lushoto kwenye msiba. Abiria wake mara nyingi ni wale ambao miili yao haina nguvu ya kustahimili ajali: watoto, wazee, wajawazito na wagonjwa. Kwa sababu hiyo, hali ya gari hilo ni suala la afya, na ukaguzi wake ni kinga kama zilivyo kinga nyingine.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufariki kila mwaka katika ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Mwendo kasi na uzembe wa madereva huchangia sana, lakini ubovu wa chombo nao una nafasi yake. Tarehe 28 Juni 2025, basi kubwa na basi dogo yaligongana na kuwaka moto katika eneo la Sabasaba, wilayani Same, kwenye barabara ya Moshi hadi Tanga. Watu wasiopungua 38 walipoteza maisha. Taarifa rasmi za awali zilieleza kuwa tairi la basi lilipata hitilafu na dereva akashindwa kulimudu.

Matairi

Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi kila linapozunguka, na kujikunja huko huzaa joto. Gari likijaa abiria na mizigo, kisha likakimbia mchana wa jua kali kati ya Segera na Chalinze, joto hilo huweza kulipasua. Upepo upimwe walau mara moja kila wiki mbili, na kabla ya kila safari ndefu, tairi likiwa bado la baridi. Kiwango sahihi huandikwa kwenye kibandiko kilichopo pembeni mwa mlango wa dereva. Tairi la akiba lipimwe pia.

Kina cha mifereji ya tairi kisipungue milimita 1.6. Tairi kipara halina pa kupitishia maji, hivyo wakati wa masika huelea juu ya maji na gari kukosa breki na usukani kwa pamoja.

Jambo linalosahaulika zaidi ni umri. Mpira huzeeka hata kama haujatumika, na tairi la mtumba laweza kuwa na mifereji mizuri huku likiwa limechoka ndani. Ubavuni mwa tairi huwa na tarakimu nne baada ya herufi DOT: 2319, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mnunuzi asome tarakimu hizo kabla ya kulipa.

Breki

Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi mwaka mzima. Kadiri yanavyonyonya maji ndivyo yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Katika barabara tambarare za mjini Tanga kasoro hiyo haionekani. Huonekana kwenye mteremko wa Lushoto hadi Mombo, takriban kilomita 33 za kona ambazo gari hushuka karibu mita elfu moja. Dereva akikanyaga breki mfululizo, joto hupanda, mafuta huchemka na kutoa mvuke, na pedali huzama hadi chini bila gari kusimama.

Kinga yake ni rahisi: mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama yanaonekana kujaa, na dereva ashuke mlima kwa gia ndogo ili injini ibebe sehemu ya kazi. Pedali laini, mlio wa chuma kusaga chuma, au gari kuvuta upande mmoja linapofunga breki, ni dalili za kulipeleka kwa fundi siku hiyo hiyo.

Moshi unaoingia ndani

Hewa ya chumvi hula chuma, na bomba la moshi huliwa mapema. Likitoboka chini ya sakafu, moshi wake huweza kupenya hadi walipo abiria. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili. Hatari huongezeka gari linapotembea na mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba ukiwa wazi, kama ifanywavyo wakati wa kubeba mizigo mirefu, kwa kuwa moshi hurudishwa ndani. Mlio mpya wa bomba la moshi usipuuzwe.

Wahudumu wa afya wana la kuzingatia hapa. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi ni dalili zinazofanana na za malaria. Iwapo watu kadhaa waliosafiri katika gari moja wanaumwa kwa pamoja, na hasa wakipata nafuu baada ya kushuka, sumu hii ifikiriwe. Kipimo cha kawaida cha oksijeni cha kidoleni huweza kuonesha kiwango kizuri kwa udanganyifu, kwani hakitofautishi hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba gesi hiyo. Mgonjwa atolewe kwenye hewa safi na apewe oksijeni ya kiwango cha juu bila kusubiri. Mjamzito apewe uangalizi wa pekee, kwa kuwa kijusi huathirika zaidi.

Mikanda na watoto

Kufunga mkanda hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa hadi asilimia 50. Kila mkanda, pamoja na ya nyuma, uvutwe kwa ghafla kuona kama unakamata, na uchunguzwe kama umechanika. Mjamzito apitishe sehemu ya chini ya mkanda chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, na ya juu katikati ya matiti. Mtoto akae nyuma katika kiti chake. Kumpakata hakumlindi, kwani wakati wa kugongana hakuna mikono iwezayo kumzuia.

Ratiba inayowezekana

Kila wiki: oili, maji ya rejeta, taa zote na waipa. Rejeta isifunguliwe ikiwa ya moto, kwa maana mvuke wake huunguza uso na macho. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya. Kila miezi sita, na vyema kabla ya masika na vuli: breki, usukani, shokomzoba, bomba la moshi na sehemu za chini zinazoshika kutu, zikaguliwe na fundi.

Stika inayotolewa katika Wiki ya Nenda kwa Usalama ina faida yake, lakini hueleza hali ya gari siku lilipokaguliwa tu. Siku zinazobaki, mkaguzi ni mwenye gari. Mhudumu wa kliniki anayemuuliza mjamzito kuhusu maandalizi ya kujifungua anaweza kuongeza swali moja: gari litakalomleta usiku wa uchungu, breki na matairi yake vilikaguliwa lini?