NDEGE NDOGO: MANUFAA NA MIPAKA YAKE

Kwa mkaazi wa visiwani, masafa hayapimwi kwa kilomita peke yake, bali pia kwa saa anazozitumia baharini na siku anazolazimika kulala ugenini. Baina ya uwanja wa ndege wa Unguja na ule wa Pemba kuna kiasi cha kilomita 125, na ndege ndogo huzimaliza kwa nusu saa hivi. Unguja hadi Dar es Salaam ni kiasi cha dakika 20. Kwa hiyo, mtumishi wa Serikali au mfanyabiashara huweza kuondoka asubuhi, akatekeleza shughuli yake na kurejea kwake siku hiyo hiyo.

Miongoni mwa ndege zinazotumika sana kwa safari hizo ni Cessna Caravan, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1984. Ndege hii ina injini moja na mabawa yaliyo juu ya kiwiliwili chake, na huweza kutua katika viwanja vifupi, hata visivyotiwa lami. Viti vyake vikiondolewa, huweza kuchukua mgonjwa aliyelazwa kwenye machela.

Pamoja na manufaa hayo, ndege ndogo ina mipaka isiyojadiliwa. Aina iliyorefushwa ya Caravan iliidhinishwa kuruka na uzito usiozidi kilo 3,969, ikijumlishwa ndege yenyewe, mafuta, rubani, abiria na mizigo. Tangi zake zikijaa, mafuta peke yake hukaribia tani moja. Kwa hivyo kila kilo ya mafuta huweza kuchukua nafasi ya abiria au ya mzigo, na rubani hana ruhusa ya kupunguza mafuta ya akiba ili apakie begi la ziada. Haba na haba hujaza kibaba: kilo mbili za kila msafiri, zisipotajwa, huwa mzigo mkubwa.

Uzito pia hauna budi kugawanywa vyema. Ukizidi nyuma, pua ya ndege huinuka na kuiongoza huwa vigumu. Ndiyo sababu abiria hupimwa pamoja na begi lake, na pengine huombwa kuhama kiti. Kufanya hivyo si kumvunjia mtu heshima, awe kiongozi au raia wa kawaida. Ni kuyalinda maisha yake na ya wenziwe.

Kwa upande wa gharama, ofisi zinapaswa kuzingatia kwamba anayekodi ndege nzima hulipia safari, si idadi ya watu. Ndege iliyokodiwa kwa mtu mmoja ni ghali. Maofisa wa idara mbalimbali wakipanga safari yao pamoja, gharama ya kila mmoja hupungua. Asiyekuwa na kundi ni bora anunue kiti katika safari ya kawaida.

Wasafiri wanaombwa kuzingatia yafuatayo:

1. Kutaja uzito wa mizigo kwa ukweli wakati wa kukata tiketi. Mara nyingi kiwango ni kilo 15.

2. Kutanguliza mizigo mizito kwa njia ya bahari.

3. Kutomshurutisha rubani kuruka wakati wa hali mbaya ya hewa. Safari iliyoahirishwa hupangwa tena. Roho iliyopotea hairudi.