Kisu Kipite Wapi? Njia ya Mwendo, Kompyuta na Korosho ya Nachingwea na Ruangwa

Kila msimu korosho za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, Tanzania, hukusanywa kwenye maghala ya vyama vya msingi, hupigwa mnada kupitia RUNALI, chama kikuu cha ushirika kinachounganisha wilaya hizo mbili na Liwale, kisha sehemu kubwa huondoka ikiwa ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Sababu za hali hiyo ni nyingi, na nyingine ni za mitaji na biashara ya dunia. Hapa naishika moja ambayo husahaulika kwa sababu inaonekana ndogo: njia inayopitwa na ncha ya kisu cha mashine ya kubangulia, tangu kinapoanza kusogea hadi ganda linapofunguka. Dai langu ni kwamba njia hiyo inafaa kuchorwa na kujaribiwa ndani ya kompyuta kabla chuma hakijakatwa, na kwamba faida kubwa ya kazi hiyo si picha inayotembea kwenye skrini. Faida ni vipimo ambavyo programu inadai kwanza, vipimo ambavyo bila yake hakuna anayesumbuka kuvichukua.

Korosho ni mtihani mgumu kwa msanifu wa mashine. Umbo lake limepinda, na ganda lina tabaka mbili ngumu zenye vishimo katikati vilivyojaa mafuta makali yanayounguza ngozi. Ndani yake imelala korosho karanga, nayo imepinda kufuata ganda. Soko hulipa uzima wake: daraja la W240 maana yake ratili moja ina punje nzima 220 hadi 240, na punje ileile ikivunjika hushuka bei papo hapo. Tazama basi mashine ya mkono na mguu, inayotumiwa sana na wabanguaji wadogo. Mguu hukanyaga pedali, visu viwili vilivyopindwa kufuata umbo la korosho hukaribiana na kuingia kwenye ganda kutoka pande mbili, halafu mkono huvuta wenzo na visu hujinyonga ili ganda lipasuke. Mwendo huu ni wa hatua mbili, kusukuma kisha kunyonga. Kisu kikiingia pungufu ya unene wa ganda, ganda halifunguki. Kikizidi kidogo, kimefika kwenye karanga. Nafasi ya kukosea ni ya milimita chache tu.

Programu ya usanifu hukabili tatizo hili kwa kuhesabu uhuru. Chukua fito nne za chuma zilizoungwa kwa pini nne, moja ikiwa imefungwa kwenye fremu. Kwenye bapa, kila fito kati ya tatu zilizobaki ina uhuru wa aina tatu: kwenda kushoto na kulia, kwenda juu na chini, na kuzunguka. Jumla ni 9. Kila pini huondoa 2, na pini nne huondoa 8. Unabaki uhuru mmoja, yaani ukizungusha fito moja umeamua mahali pa zote, na nukta yoyote uliyoiweka kwenye fito ya kati itachora mkunjo mmoja usiobadilika. Mkunjo huo ndio njia ya mwendo. Mwaka 1951 John Hrones na George Nelson wa MIT, Marekani, walichapa kitabu kikubwa chenye mikunjo zaidi ya 7,000 ya fito nne, ili mhandisi apekue kurasa hadi aone unaofanana na anaoutaka. Leo msanifu husogeza pini kwa milimita moja na mkunjo hubadilika mbele ya macho yake. Akitaka kuichora njia kwanza, hutumia mikunjo ya kihesabu iliyotokana na kazi ya Pierre Bézier wa Renault na Paul de Casteljau wa Citroën, ambao walikuwa wakitafuta namna ya kueleza mabodi ya magari kwa namba.

Umbo la njia, hata hivyo, ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni wakati, na hapo ndipo jicho hudanganywa. Tuseme kisu kinasafiri milimita 40 kwa sekunde 0.2, kikianza na kuishia taratibu kwa kanuni ambayo wasanifu wa mashine huipenda kwa sababu haina mshtuko mwanzoni wala mwishoni. Mchapuko wake wa juu kabisa utakuwa karibu mita 5.8 kwa sekunde mraba. Mwenye mashine akitaka kuongeza uzalishaji, akapunguza muda hadi sekunde 0.1, njia haibadiliki hata kidogo na kwenye skrini kila kitu kinapita palepale, lakini mchapuko unafika mita 23. Muda umepungua nusu, nguvu inayotikisa pini imekuwa mara nne, na nishati ya kisu njiani nayo mara nne. Mashine iliyobangua vizuri kwa mwendo wa kwanza inaweza kuvunja karanga kwa mwendo wa pili bila kipande chochote kulegea.

Fundi mzoefu atasema kwamba mashine nyingi nzuri zimetengenezwa kwa kulehemu, kujaribu, kukata na kulehemu tena, bila kompyuta. Ni kweli, na ujuzi huo nauheshimu. Lakini kila jaribio lake hula bati, umeme na siku nzima, kwa hiyo hujaribu mara chache na kusimama kwenye lile linalofanya kazi kiasi. Vilevile anachokijua hubaki mkononi mwake, na fundi wa wilaya jirani huanza upya.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: programu hudhani chuma hakipindi na korosho zote zinafanana. Programu nyingi zikiachwa zilivyo zitaruhusu hata kisu kipite katikati ya fremu kana kwamba ni hewa, mpaka msanifu aombe ukaguzi wa kugongana. Ndiyo maana nasema kiini ni vipimo. Korosho za mti mmoja hazilingani, seuze za wilaya mbili. Anayepima magunia machache kutoka maghala mbalimbali, urefu, upana na unene wa ganda, anaweza kuendesha mwigo, yaani jaribio la ndani ya kompyuta, kwa korosho ndogo kuliko zote, ya wastani na kubwa kuliko zote, akaona ni ipi inayokatwa karanga. Jibu huenda likawa kwamba hakuna njia moja inayozifaa zote na ni lazima zipangwe kwa ukubwa kabla ya kubanguliwa. Kulijua hilo mezani ni rahisi kuliko kulijua baada ya kununua mashine.

Historia ya Nachingwea yenyewe inaonyesha gharama ya mpango usiopimwa. Mwaka 1946 John Wakefield na wenzake wawili, waliotumwa kukagua ardhi, walizunguka kwa majuma tisa, na kutokana na ripoti yao serikali ya Uingereza ikapanga kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni tatu, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo makuu pamoja na Kongwa na Urambo. Kasi ya matrekta kufyeka pori ilikadiriwa kwenye karatasi. Miti, mizizi na udongo vilitoa jibu lingine. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Miaka ya 1970 vilikuja viwanda vya kubangua korosho vya mikopo ya Benki ya Dunia, vyenye mitambo ya Italia na Japani, kimoja kikiwa Nachingwea, navyo pia vikakwama. Kwa haki lazima nikiri kwamba havikukwama kwa sababu ya visu peke yake. Mavuno ya nchi yaliyofika tani 145,000 msimu wa 1973/74 yaliporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, na hakuna mwigo wa kisu ambao ungezuia ugonjwa wa ubwiriunga au athari za kuwahamishia wakulima vijijini. Nisichokubali ni hoja kwamba kwa hiyo mashine si kitu. Vietnam iliunda mashine zake za kubangua, ikaziboresha, na sasa inaziuza nje pamoja na korosho.

Zamani gharama ya programu ingetosha kuifunga mada hii. Sasa programu ya usanifu ya FreeCAD hupatikana bure, na toleo lake la 1.0 la Novemba 2024 lina sehemu ya kuunganisha vipande kwa viungo na kuvisogeza. Kompyuta ya kawaida huiendesha. SIDO ina kazi ya kulea viwanda vidogo tangu 1973, VETA inafundisha mafundi, na TARI Naliendele pale Mtwara ndiyo kitovu cha utafiti wa korosho nchini. Kinachohitajika kati yao ni jedwali la vipimo vya korosho za Lindi na Mtwara lililo wazi kwa kila fundi, na faili la mashine ya mkono na mguu ambalo mwanafunzi wa Ruangwa anaweza kulifungua, akasogeza pini, akaona kisu kinapita wapi. Mashine ikinunuliwa nje huja na pedali, visu na wenzo, lakini mchoro wa mwendo wake hubaki kwa aliyeiunda, na siku korosho zikiwa kubwa kuliko alizozikusudia, marekebisho hufanywa kwa kubahatisha. Fundi mwenye faili hilo atajua ni pini ipi ya kusogeza, na kwa milimita ngapi.