Makumbi kwa Mchicha wa Roshani

Ndugu zangu, kila ifikapo Mei jamaa wa hapa Rexdale huniuliza habari za udongo wa kuoteshea mchicha roshani. Wengi hununua piti, yaani mimea ya vinamasi iliyooza nusu, ambayo Kanada huichimba kwa wingi, hasa Quebec na New Brunswick. Lakini kinamasi huongeza piti kama milimita 1 tu kwa mwaka; nusu mita ni miaka 500! Mnazi huzaa mwaka mzima.

Mimi natumia vumbi la makumbi, lile linalodondoka mama zetu wa Bwejuu, Unguja, wakiponda makumbi waliyoyafukia pwani miezi kadhaa ili wapate usumba wa kamba. Matofali yanayouzwa huku hutoka zaidi India na Sri Lanka. Safari ndefu, nakiri, ila kinamasi kinabaki salama.

Lirowekeni livimbe, kisha lisuuzeni mara mbili tatu, maana makumbi mengi hulowekwa maji ya chumvi, na chumvi huunguza miche. Halina chakula cha kutosha cha mmea, basi changanyeni na samadi iliyooza vizuri. Likikauka hunywa maji upesi; piti kavu huyakataa. Msimu ukiisha msilitupe. Langu la mwaka jana lingali ndooni, nalitia samadi mpya tu.