KOCHA WA HASHEEM THABEET: ALIANZIA KUCHONGA MAWE YA MAKABURI, AKAJA KULIPWA KULIKO GAVANA

Leo nawapeleka Marekani kidogo, ila safari inaanzia hapa hapa Lupembe.

Kwa wasionijua, nilimaliza kidato cha nne, na jioni nafundisha madogo basketi. Ringi letu ni nondo iliyokunjwa na fundi wa kuchomelea, tumeipigilia kwenye nguzo ya mlingoti pembeni ya mashamba ya chai. Wiki mbili zilizopita mama wa dogo mmoja, yule mrefu kuliko wote, alinikuta uwanjani akitokea kuchuma chai.

"Mwalimu, kikapu mimi nabeba kila siku, jioni kinapimwa napata hela. Hicho chenu kinampa nini mwanangu?"

Kabla sijajibu akanionyesha meseji. Kuna jamaa anajiita wakala, anataka atumiwe laki tatu kwa simu, eti dogo atapata chuo Marekani cha kuchezea basketi. Mama alishaanza kutafuta mteja wa nguruwe wake wawili! Nikamwambia, mama subiri kwanza, usiuze kitu mpaka nirudi na jibu. Nikapanda gari mpaka Makambako, nikakaa kafe siku nzima nikisoma habari za kocha mmoja tu. Haya niliyoyapata ndiyo jibu.

Kocha mwenyewe anaitwa Jim Calhoun. Wengi hamumjui, lakini mwanafunzi wake mnamjua: Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, kijana wa Dar mwenye urefu wa mita 2.21. Thabeet alianza basketi akiwa na miaka 15, umri ambao huku tunasema umechelewa. Mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, wenyewe wanakiita UConn, na kocha mkuu pale alikuwa huyu mzee.

Sasa Calhoun alifikaje pale? Alizaliwa 1942 Braintree, jimbo la Massachusetts. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 15. Alipomaliza shule aliacha chuo kwanza ili asaidie familia, akafanya kazi za mikono: kukata mawe, kuchonga maandishi kwenye mawe ya makaburi, hata kuchimba makaburi yenyewe. Baadaye akapata ufadhili wa basketi kwenye chuo kidogo mjini Springfield, mji ambao mchezo huu ulibuniwa na James Naismith mwaka 1891.

Ukocha alianzia shule ya sekondari, siyo chuo. Msimu wake wa kwanza, mwaka 1968, alishinda mechi 1 akafungwa 17. Wadau, moja tu! Mimi nikifungwa mara tatu mfululizo madogo wananinunia. Akahama shule, akapanda taratibu, mpaka shule ya Dedham ambako timu yake ilifikisha ushindi 21 na kufungwa mara 1. Hapo ndipo chuo cha Northeastern cha Boston kikamchukua, mwaka 1972, akiwa na miaka 30. Akakaa miaka 14.

Mwaka 1986 akahamia UConn. Msimu wa kwanza akashinda 9 akafungwa 19. Huku kwetu kocha angeshakula kona! Wao wakamvumilia, na miaka miwili baada ya kuanza akachukua kombe la NIT (1988). Halafu akabeba ubingwa wa taifa wa vyuo mara tatu: 1999, 2004 na 2011. Hapo katikati alipambana na saratani. Alipostaafu pale, Septemba 2012, alikuwa na ushindi 873, yaani 248 wa Northeastern na 625 wa UConn.

Hebu nieleze hii kazi ikoje, maana tukisikia kocha wa chuo tunafikiria mwalimu wa michezo wa UMISSETA. Hapana. Kule mechi za vyuo zinaonyeshwa kwenye TV nchi nzima na zinaingiza mabilioni. Kazi ya kocha mkuu siyo kupuliza filimbi tu. Anazunguka kutafuta vijana mashuleni, anakaa sebuleni na wazazi wao kuwashawishi, anagawa nafasi za skolashipu, na anatakiwa ahakikishe wachezaji wanafaulu darasani. Michezo hii inasimamiwa na chama kinaitwa NCAA, chenye sheria nyingi, na enzi za Calhoun zilikuwepo mpaka za idadi ya simu ambazo kocha aliruhusiwa kumpigia kijana.

Kwa Thabeet kazi ilionekana. Alikaa miaka mitatu, akawa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi yao ya Big East mara mbili mfululizo, 2008 na 2009. Mwaka 2009 timu ikafika nne bora ya taifa, ikatolewa na Michigan State 82-73. Juni mwaka huo Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa chaguo la pili, nyuma ya Blake Griffin peke yake. NBA yenyewe haikumwendea vizuri, alicheza mpaka 2014, lakini mlango alikuwa ameshaufungua.

Sasa twende kwenye mkwanja, na hapa mimi kama mwandishi wa kujitegemea panenigusa. Februari 2009, wakati jimbo la Connecticut lina hali mbaya ya fedha, mwandishi wa kujitegemea anaitwa Ken Krayeske alisimama kwenye mkutano wa waandishi baada ya mechi, akamuuliza Calhoun kuhusu mshahara wake wa dola milioni 1.6 kwa mwaka. UConn ni chuo cha serikali, na kocha alikuwa ndiye mfanyakazi wa jimbo anayelipwa kuliko wote, akiwemo gavana. Calhoun akawaka. Akasema hata senti moja harudishi, na kwamba timu yake inakiingizia chuo dola milioni 12. Gavana mwenyewe alisema ile hasira ilikuwa aibu.

Mimi nasema swali lilikuwa halali. Maana wakati ule mchezaji hakuruhusiwa kulipwa mshahara. Thabeet alipata skolashipu, kocha akapata milioni 1.6. Nani aliruka kuzuia mipira? Baadaye mambo yalibadilika: tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kupata hela kwa kutumia majina yao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa.

Tena mzee hakuwa malaika. Februari 2011 NCAA ilimfungia mechi tatu kwa sababu watu wake walivunja sheria wakimtafuta kijana mmoja, ikiwemo kupiga simu na kutuma meseji kupita kiasi. Aprili mwaka huo huo akachukua ubingwa! Halafu UConn ikazuiwa kushiriki mashindano ya taifa ya 2013 kwa sababu ya maendeleo mabaya ya wachezaji darasani. Mabingwa kabisa, wamefungiwa kwa daftari.

Ila kuna kitu kimoja kilinifanya nimheshimu. Mwaka 2018, akiwa na miaka 76, alirudi kufundisha. Alienda Chuo Kikuu cha Saint Joseph, chuo kidogo kilichokuwa cha wasichana, akaanzisha timu ya wavulana kutoka sifuri. Hiyo ni Divisheni ya Tatu, huko hakuna skolashipu za michezo wala kamera nyingi. Akaacha Novemba 2021. Mtu mwenye makombe matatu amerudi kule kule alikoanzia, kufundisha vijana wasiojulikana.

Basi Jumapili nilienda kwa yule mama, nikamjibu hivi. Kwanza, asiuze nguruwe. Kocha wa kweli ndiye anayekutafuta wewe, hakuombi laki tatu ya kukushikia nafasi. Gharama za mitihani na viza zipo kweli, lakini unazilipa mwenyewe kwenye taasisi husika, siyo kwenye namba ya simu ya mtu. Pili, dogo asome, hasa Kiingereza, maana hata mabingwa walifungiwa kwa sababu ya darasa. Tatu, kikapu chetu simwahidi NBA. Namwahidi mazoezi kila jioni, na mtu wa kumuuliza matokeo ya mtihani.

Mama akacheka, akasema, "Haya mwalimu, na wewe usiache kusoma."

Hapo akanipata. Nami nimeamua kurudia mtihani wa hesabu. Aliyefungwa 17 hakuacha, mimi ni nani?

Nawasilisha wadau. Kama na wewe umeshatumiwa meseji za hao mawakala, andika hapo chini ilikuwaje, wengine wapone.