Kioo, mbao na moto shuleni: kweli au si kweli?

"Shule ya mbao ni kuni zilizoezekwa paa."

Si kweli, ingawa hofu hii ina chanzo chake. Septemba 2024 wavulana 21 walifariki katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, Kenya, lililojengwa kwa mbao kwa sehemu kubwa. Mzazi wa huku akisikia "shule ya mbao" huwaona watoto wale, na ana haki. Lakini jengo la Gaia la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang, Singapore, lililofunguliwa 2023, halikujengwa kwa ubao mwembamba. Vipande vimegandishwa kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, hadi vikawa nguzo na kuta nene. Aliyepikia kuni anajua kwamba gogo nene likiachwa mafigani peke yake hushika makaa nje huku ndani likibaki zima. Mbao za aina hii huungua takriban milimita 0.7 kwa dakika, yaani kama sentimita mbili kwa nusu saa, na mhandisi huongeza unene huo tangu kwenye mchoro.

Hatari kubwa huwa kabla jengo halijakamilika. Maabara ya mbao ya Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, iliteketea mwaka 2014 ikiwa bado inajengwa. Ilijengwa upya, kwa mbao tena, na kufunguliwa 2017.

"Kioo hakiwaki, kwa hiyo kinazuia moto."

Si kweli, na kosa hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Moto ukianza, kioo cha kawaida hupata joto katikati huku kingo zilizofichwa ndani ya fremu zikibaki baridi. Tofauti ya nyuzi 40 hivi inatosha kukipasua, na moto wa jaribio la maabara hupita nyuzi 800 ndani ya nusu saa. Kioo kigumu kama cha pembeni mwa gari huvumilia zaidi, lakini kikishindwa humwagika chote, chembechembe, na mlango unabaki tundu.

Hata kisichopasuka hakitoshi. Vipo vioo vinavyozuia miali na moshi lakini vikaruhusu joto kupita, kama unavyolihisi joto la jiko ukiwa umesimama mbali nalo. Mbao zikipigwa na joto la takriban kilowati 12.5 kwa mita mraba, cheche moja inaweza kuziwasha. Katika korido yenye kuta za mbao, moto unaweza kuhamia ukuta wa pili bila kupenya kioo, na mtoto hawezi kupita hapo katikati. Ndiyo maana vipimo vya Ulaya hutofautisha vioo kwa herufi: E huzuia miali na moshi, EW hupunguza joto linalopita, EI hulizuia. Kioo cha EI 30 hakiruhusu upande wa pili uongezeke joto zaidi ya wastani wa nyuzi 140 kwa nusu saa. Kwenye njia ya kutokea ya shule ya mbao, mimi nisingekubali pungufu ya EI.

"Kioo chenye waya ndani ndicho imara zaidi."

Si kweli. Waya hushikilia vipande moto ukikipasua, na kazi hiyo huifanya vizuri. Lakini mwanafunzi akisukuma mlango mbio, kioo hicho huvunjika upesi kuliko kisicho na waya cha unene uleule, mkono hupenya, na waya huuchana unaporudi. Baada ya majeraha mengi ya aina hiyo, kanuni za ujenzi za Marekani zilikizuia kile cha zamani kwenye milango ya shule miaka ya 2000.

"Kioo kizuri hugeuka cheupe moto ukiwaka."

Kweli, kwa aina nyingi za EI. Katikati ya vioo huwekwa matabaka angavu ya silikati ya sodiamu yenye maji. Yakifika nyuzi 120 hivi huvimba kama povu na kuwa meupe. Kioo cha upande wa moto hupasuka, povu hubaki limesimama. Anayetaka kuona kama chumba kina watu atazame mapema, kwa sababu baada ya hapo haoni kitu.

"Fremu lazima iwe ya chuma."

Si kweli. Mbao hupitisha joto polepole kuliko chuma, na fremu za mbao zimefaulu majaribio ya EI 30 na EI 60. Kinachojaribiwa ni vyote kwa pamoja: kioo, fremu, utepe unaovimba kingoni, hata skrubu.

"Kikivunjika, fundi atakata kingine palepale."

Si kweli. Kioo cha matabaka huagizwa kwa kipimo kamili, kingo zake zikiwa zimezibwa kiwandani ili unyevu usiingie. Cha kubadilishia lazima kiwe cha aina ileile iliyojaribiwa na fremu ile. Tazama konani: pana alama ndogo isiyofutika, yenye jina la aina ya kioo. Mwalimu mkuu aiandike kwenye daftari la matengenezo leo, mlango ukiwa mzima.