Kumchagulia Kipa Mdogo Kambi ya Mazoezi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia kwenye umri wa kuanza kudaka. Sasa likizo ya Juni inakaribia, na wazazi wa Singida mjini, Manyoni na Iramba wanauliza: huyu kipa wangu nimpeleke kambi gani?

Wengi hutanguliza jina la klabu. Siwashangai. Tangu Singida United ipande Ligi Kuu mwaka 2017 hadi leo tulipo na Singida Black Stars, watoto wetu wamewaona makipa wa ligi kwa macho yao pale Liti, uwanja ambao wengi bado tunauita Namfua. Lakini jezi haifundishi kudaka.

Mwulize mwenye kambi: kocha wa makipa ni nani, na ana watoto wangapi? Kambi nyingi zina kocha mmoja wa wachezaji wote, na kipa huishia kusimama golini akipigwa mashuti na wenzake wanaojifunza kufunga. Mtoto huyo anatumika tu, hafundishwi. Anayefundishwa utamjua: kocha amepiga goti hatua chache mbele yake, anamrushia mpira kwa mkono, mara kifuani, mara chini, mara juu ya kichwa, huku akitazama viganja. Vidole gumba vimekaribiana nyuma ya mpira? Miguu imesogea kabla ya mikono? Anamrekebisha, anarusha tena. Mashuti makali yana wakati wake.

Halafu itazame ardhi. Juni kwetu ni kiangazi, uwanja wa shule umekauka kama sakafu. Mtoto akijitupa hapo mara mbili tatu huanza kuogopa, na kipa mwoga huangukia kiwiko au goti badala ya ubavu. Mifupa yake bado inakua, na kuumia karibu na kiungo ni jambo zito. Mimi ningechagua kambi yenye mchanga uliochimbuliwa na kocha makini kuliko yenye nyasi nzuri isiyo na wa kumwangalia.

Goli la wakubwa lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mtoto wa miaka kumi akifungwa humo kwa mipira ya juu asiyoweza kuifikia, anavunjika moyo bure. Ulizia magoli madogo na mpira namba nne.

Tangu 1992 kipa haruhusiwi kushika pasi anayorudishiwa makusudi kwa mguu na mwenzake. Kwa hiyo kambi isiyomwingiza kipa kwenye mazoezi ya pasi inamnyima nusu ya kazi yake.

Kuhusu umbali, kwa mtoto wa chini ya miaka 13 nasimama na kocha wa karibu anayemwona kila Jumamosi, kuliko wiki mbili za Dar es Salaam. Kabla ya kulipa, nenda ukakae pembeni asubuhi moja, uhesabu kipa mmoja anagusa mpira mara ngapi.

Juma lijalo: glavu.